Rimu zisubiri, cheni kwanza!

Vijana wa mjini bwana! Mtu akipata gari la zamani, kitu cha kwanza kukifikiria ni rangi. Cha pili rimu. Cha tatu muziki wa kutikisa vioo vya majirani. Ukimuuliza habari za injini anakujibu, "Itanguruma tu, kwani si ilikuwa inanguruma?" Wiki hii naomba niwaudhi kidogo wapenzi wa rangi na rimu, maana nimeshuhudia ubishi wa mwezi mzima kuhusu kitu ambacho gari likishafungwa hakuna atakayekiona, wala hakuna binti atakayekisifia. Cheni ya taimingi.

Gari lenyewe ni Mini. Kama huijui Mini, kumbuka kile kigari cha kijani cha Mr. Bean, kile alichokuwa akikifunga mlango kwa kufuli. Ile ndiyo Mini halisi, siyo hizi kubwa za kisasa zilizorithi jina. Ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1959, mchoraji wake akiwa Alec Issigonis, na ya mwisho ikatoka kiwandani mwaka 2000. Zilitengenezwa zaidi ya milioni tano. Zamani zilionekana sana Dar na Nairobi, kwa waalimu, makarani na masista wa hospitali. Mjomba wangu anayo moja ya miaka ya 70, ya cc 998, aliyoachiwa na babu. Ilikaa uani kwake Ilala miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma.

Mjomba alipopata kiinua mgongo akaamua kuifufua. Mkewe, anti yetu, hakukataa, ila aliweka sharti moja mbele ya mashahidi: "Hela ya gari ni hii. Ikiisha, haitoki nyingine." Na anti akisema hivyo, hata mwenyekiti wa mtaa hawezi kumgeuza. Kwa hiyo mjue mapema kwamba hapa hakukuwa na nafasi ya kufunga injini leo na kuifungua tena mwezi ujao. Ilikuwa moja tu.

Injini ikashushwa. Bloku ikapelekwa kuchongwa, pistoni mpya zikaagizwa, beringi mpya, ringi mpya. Kila mtu alikubaliana na hayo. Ubishi ulianza fundi alipoishika cheni ya taimingi, akaifuta mafuta kwa tambara na kusema, "Hii bado nzima mzee, hii ni chuma." Binamu yangu akadakia hapo hapo. Kama cheni ni nzima basi ile hela iende kwenye rimu za kung'aa. Mjomba akaguna. Alikuwa amesoma mahali kwamba Mini inaweza kuwekewa cheni ya mistari miwili badala ya ule mmoja wa kiwandani, na tangu siku hiyo alikuwa halali vizuri.

Sasa ngoja nieleze, maana wengi tunaliimba hili neno taimingi bila kujua linafanya nini. Chukua baiskeli. Unapokanyaga pedeli, cheni ndiyo inayobeba nguvu kutoka mbele kwenda gurudumu la nyuma. Ndani ya injini nako kuna sproketi mbili, yaani magurudumu yenye meno. Ndogo iko kwenye kranki, inayozungushwa na pistoni. Kubwa iko kwenye kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Kubwa ina meno mara mbili ya ile ndogo, hivyo kranki ikizunguka mara mbili kamshafti inazunguka mara moja. Cheni ndiyo inayohakikisha valvu inafunguka pistoni ikiwa mahali panapotakiwa. Ikichelewa kidogo tu, injini inavuta hewa wakati usiofaa.

Kwenye Mini mambo yamezidi hapo. Kamshafti hiyo hiyo ndiyo inayozungusha distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, na mwisho wake wa nyuma unazungusha pampu ya oili. Kwa hiyo kicheni kile chembamba kimebeba valvu, kimebeba moto, kimebeba na oili. Kikikatika, vyote vitatu vinasimama kwa mkupuo. Halafu mtu anakwambia hela iende kwenye rimu!

Jingine ni kwamba cheni haivutwi kwa ulaini kama ya baiskeli kwenye tambarare. Kila valvu ina springi kali. Kamshafti inapoisukuma valvu ifunguke, springi inagoma, na cheni inakaza. Valvu inapoanza kufunga, springi inageuka kuwa msukumaji, inaitupa kamshafti mbele, na cheni inalegea. Kaza, legea, kaza, legea, mara nyingi kwa kila sekunde. Ni kama kuvuta mbuzi kwa kamba: mara anagoma, mara anakimbia mbele yako. Kamba gani itadumu?

Watu husema cheni "imevutika". Siyo kwamba chuma kimenyooka kama lastiki. Kila kiungo kina pini yake na kijibomba chake, na hivyo viwili vikisuguana vinalika unywele mmoja. Unywele mmoja siyo kitu. Lakini hesabu viungo vyote, jumlisha, utakuta cheni nzima imeongezeka urefu. Ikiongezeka, kamshafti inabaki nyuma ya kranki. Valvu zinachelewa kufunguka na kuchelewa kufunga, na gari linakosa nguvu ya kuondokea. Kwenye mlima wa kawaida linataka gia ya kwanza. Na kwa kuwa distribyuta nayo inafuata kamshafti, moto pia unachelewa. Hapo mafundi wetu wengi wanageuza distribyuta kidogo, moto unarudi mahali pake, mteja analipa na kuondoka akitabasamu. Valvu je? Valvu ziko vile vile. Baada ya muda anarudi na malalamiko yale yale, na anaambiwa kabureta ni mbovu.

Kama una gari la namna hii na hutaki kufungua injini, kuna kipimo cha bure. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi. Fungua kofia ya distribyuta uone ile rota ya ndani. Weka spana kwenye nati ya puli ya kranki, zungusha kwa upande injini inaokwenda, kisha simama. Sasa rudisha nyuma polepole, huku mwenzako akitazama rota. Ikigeuka karibu mara moja, mshukuru Mungu. Ukirudisha puli sehemu ya kuonekana kwa macho na rota bado imelala, ule mwanya wote ni ulegevu wa cheni, pamoja na kidogo cha meno ya distribyuta yenyewe. Na kama una taa ya taimingi, iwashe injini ikiwa inanguruma taratibu. Alama kwenye puli inatakiwa isimame kama askari wa gwaride. Ikicheza mduara, unajua.

Cheni ya mjomba ilikuwa imeshatoka nje, kwa hiyo kipimo chake kilikuwa kingine, na alikifanya mzee mmoja wa gereji ya jirani ambaye amezishika Mini tangu ujana wake. Tulimwamkia, akaitikia, hakuketi hata. Akaichukua ile cheni "nzima", akaishika mwisho mmoja kwa ubavu, kama unavyoshika rula. Cheni mpya ukiishika hivyo inakaa karibu kunyooka. Hii ilining'inia kama mkufu. Kisha akachukua sproketi kubwa akatuonyesha ukingo wake. Kiwandani waliweka pete mbili za mpira pale pembeni, kazi yake kuibana cheni isipige kelele. Pete moja ilikuwa ngumu kama kwato. Ya pili haikuwepo. "Imekwenda wapi?" akauliza mzee. Fundi akatazama pembeni. Kwenye Mini giaboksi iko chini ya injini na vyote viwili vinatumia oili moja, sasa jibu nakuachia wewe.

Basi hoja ya kurudisha cheni ya zamani ikafa pale pale. Ikabaki hii: tununue mpya ya mstari mmoja kama ya kiwandani, au twende kwenye ya mistari miwili?

Mistari miwili siyo ubunifu wa vijana wa gereji. Injini ya Mini ni ya ukoo unaoitwa A-Series, ulioanza mwaka 1951 kwenye Austin A30 ikiwa na cc 803 tu. Ndiyo injini iliyoingia pia kwenye Morris Minor za akina babu. Magari haya ya kawaida yalifungwa cheni ya mstari mmoja, ilitosha. Lakini mwaka 1963 ilipotolewa Mini Cooper S, mashine ya kasi, wenyewe waliotengeneza wakaweka cheni ya mistari miwili. Ndiyo Mini zilizowaliza watu wenye magari makubwa kwenye mashindano ya Monte Carlo, zikashinda 1964, 1965 na 1967. Injini ya mashindano ina springi kali na inazungushwa sana, yule mbuzi wa kamba anakuwa ng'ombe dume. Na uzuri wake, ukoo ni mmoja. Vifaa vya aina ile vinaingia kwenye injini ndogo ya kawaida bila kubadilisha bloku.

Hapa niseme ukweli ambao wauza spea hawausemi kwa sauti. Cheni ya mistari miwili haiongezi nguvu za farasi hata mmoja. Binamu alipokubali kushindwa kuhusu rimu alijifariji kwamba sasa Mini "itapaa". Haipai. Kinachofanyika ni kwamba mzigo unagawanywa, kila pini inabeba kidogo, na kuchakaa kunakuwa kwa taratibu. Taimingi uliyoiweka siku ya kufunga unaikuta ilipo baada ya muda mrefu. Basi. Na kama injini yako ni ya kawaida na mfuko umetoboka, cheni mpya ya mstari mmoja na sproketi zake mpya inatosha, mamilioni ya Mini yametembea nayo. Nisichokubali mimi ni cheni kuukuu kwenye injini mpya, au cheni mpya kwenye sproketi kuukuu. Meno yaliyolika yanakula cheni mpya kama mchwa.

Kwa nini basi mjomba aende kwenye mbili? Kwa sababu ya jinsi Mini ilivyo. Injini yake imelazwa kiubavu, na upande wa cheni umebanwa kwenye ukuta wa bodi, rejeta nayo ipo hapo hapo pembeni. Mkono wa mtu mzima haupiti vizuri. Kwenye Morris Minor unatoa rejeta ya mbele unafanya kazi umesimama, lakini kwenye Mini ni mateso matupu. Injini ikiwa mezani, kazi ile ile ni ya jioni moja. Gharama kubwa ni kufungua, siyo cheni. Na tayari ilikuwa imefunguliwa.

Tusiwaonee Waingereza peke yao. Wamarekani nao kwenye V8 zao nyingi za miaka ya 60 waliweka sproketi ya kamshafti yenye meno ya nailoni ili injini iwe kimya. Kimya kilikuwepo. Miaka ikapita, joto likaifanya nailoni iwe kavu kama biskuti, meno yakavunjika na kuangukia kwenye sampu, yakaenda kuziba kichujio cha pampu ya oili. Ndiyo maana wanaofufua magari yale wanatupa ile sproketi bila mjadala na kuweka ya chuma kitupu yenye mistari miwili. Ukiona mtu ana Mustang ya zamani, muulize hilo kabla hujamuuliza bei.

Kifurushi cha mjomba kililetwa na jamaa aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza. Sproketi mbili na cheni, ndani ya begi katikati ya mashati. Kila mtu akadhani kazi imekwisha, tufunge twende. Kumbe!

Sproketi ndogo ya mistari miwili ni nene zaidi. Nyuma yake kuna bamba la chuma lililofungwa mbele ya bloku, na bolti mbili za chini za bamba hilo ziko karibu kabisa na kranki. Vichwa vyake vimejitokeza. Ukiweka sproketi nene, inagusa vile vichwa. Dawa yake ni kutoa hizo mbili na kuweka skrubu zenye vichwa vinavyozama, na matundu ya bamba yapanuliwe mdomo kwa kekee ili vichwa vizame sawasawa na bamba. Muuzaji hakuziweka hizo skrubu kwenye kifurushi, wala hakuandika popote kwamba zinahitajika. Fundi alitaka kupiga msasa vichwa vya bolti za zamani pale pale kwenye injini. Mzee wa jirani akapiga ukelele ulioamsha kuku. Unga wa chuma ukiingia kwenye beringi mpya, hela yote ya kiinua mgongo imekwenda! Bamba likatolewa, likapelekwa Gerezani kutobolewa, likaoshwa, likarudi na gasketi mpya. Siku mbili zilipotea. Anti alihesabu zote mbili.

Lililofuata ni kulinganisha. Sproketi zote mbili lazima zikae kwenye mstari mmoja, la sivyo cheni itatembea ikiwa imepinda na utakuwa umenunua balaa jipya. Wanalaza rula ya chuma juu ya sproketi zote mbili, wanatazama mwanya, kisha wanaweka au kutoa washa nyembamba nyuma ya ile ya kranki mpaka rula ilale tuli. Kazi ya uvumilivu. Binamu alikwenda zake kunywa soda.

Kisha doti. Kila sproketi ina alama ndogo. Kranki inawekwa pistoni namba 1 na namba 4 zikiwa juu kabisa, kamshafti inageuzwa mpaka doti zake mbili zitazamane uso kwa uso, kwenye mstari unaopita katikati ya kranki na kamshafti. Sproketi zote mbili zinavishwa cheni kwanza zikiwa mkononi, halafu zinasukumwa ndani pamoja. Ukikosea jino moja, umekosea digrii nyingi.

Mafundi wengi wakishaona doti zimetazamana wanafunga kava. Mzee hakukubali, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Alisema doti zinakwambia uko kwenye jino sahihi, hazikwambii jino lenyewe lilikatwa wapi. Sproketi mpya, kamshafti iliyosuguliwa upya, ufunguo mdogo wa nusu mwezi unaoishika, kila kimoja kina kosa lake dogo, na makosa yakijumlishwa yanaweza kuwa digrii kadhaa. Akafunga sahani ya digrii kwenye kranki, ile ya duara iliyoandikwa mpaka 360. Akaweka geji yenye uso kama wa saa juu ya kijiti kinachosukuma valvu ya kuingiza hewa ya silinda namba 1, ambayo kwenye injini hii ni valvu ya pili kutoka mbele. Akazungusha kwa spana, pole pole, kutafuta mahali valvu inapofikia ufunguo wa mwisho, akalinganisha na kipimo cha kamshafti ile. Tulikuta imechelewa kidogo. Dawa yake siyo nyundo. Zipo funguo za nusu mwezi zilizotengenezwa zikiwa zimepindishwa kwa digrii maalumu, unaweka unayoihitaji na kamshafti inasogea. Wenye pesa hununua sproketi ya kurekebishwa kwa bolti, na kuna hata vifaa vinavyoondoa cheni kabisa na kuweka mkanda, lakini hizo ni anasa za watu wa mashindano.

Kwa maoni yangu kipimo kile cha saa moja kilikuwa na thamani kuliko hata mistari miwili yenyewe. Cheni imara kwenye taimingi mbovu inachofanya ni kuutunza ubovu usiondoke.

Siku ya kuwasha, mzee aliagiza plagi zitolewe kwanza, injini izungushwe kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo plagi zirudi. Ikawaka mara ya pili ya kujaribu. Kulikuwa na mvumo mwembamba upande wa cheni, siyo ule mchakacho wa njugu kwenye bati wa zamani. Mvumo huo ni kawaida, pete za mpira hazipo. Taa ya taimingi ikaelekezwa kwenye puli, alama ikasimama. Mjomba aliinama kuitazama muda mrefu mpaka anti akauliza kama kuna tatizo.

Tatizo lilikuwepo, ila dogo. Oili ilidondoka tone moja moja chini ya puli. Kava ya mbele ina sili ya mpira inayokumbatia puli, na fundi alikuwa amekaza bolti za kava kabla ya kuingiza puli, sili ikakaa upande. Unatakiwa kuziacha bolti zikiwa legelege, uingize puli ili iivute sili katikati yenyewe, ndipo ukaze. Ilibidi puli itoke, kava ilegezwe, irudi. Kwa bahati injini ilikuwa bado mezani, kwenye fremu ya mbao, haijaingizwa kwenye gari. Usiku huo huo ikakauka. Rimu bado ni zile za inchi 10 za babu, zimepigwa brashi ya waya.